Nyasi za Upande wa Kibet

Jumanne, 8 Julai
Nimepalilia ukingoni tangu asubuhi. Goti linalalamika. Shayiri ya mbegu haitaki mgeni. Mkaguzi akikuta nyasi za jamii ya shayiri, shamba lote linakataliwa, mavuno yanakuwa chakula cha ng'ombe. Oti-mwitu hainisumbui: ukikagua pale jani linaposhika shina, haina masikio. Shayiri ina mawili, yanakumbatia shina. Shida ni shayiri-mwitu. Nayo ina masikio. Lakini jani lake lina vinywele, na shina huanza kwa kulala chini kama mlevi kabla ya kuinuka. Kwangu nimezing'oa. Ng'ambo ya waya, kwa mdogo wangu Kibet, zimejaa. Kipande chake hakijaguswa na jembe tangu Baba atugawie.

Jumamosi, 26 Julai
Nimeenda mjini, dukani kwa Kibet. Anauza matairi. Nimemwomba ruhusa nizing'oe nyasi zake mimi mwenyewe, bure. Alikuwa na wateja. Akasema atakuja kuona. Sikupewa hata chai.

Jumapili, 10 Agosti
Amekuja baada ya kanisa, na viatu vya kanisa. Nyasi sasa zina masuke yenye ndevu, kama ya shayiri. Amesimama kwenye waya muda mrefu.
"Sister, umepanda mpaka kwangu? Unaniona fala?"
Nikamwambia hizo ni nyasi.
"Nyasi gani iko na ndevu?"
Nimecheka. Heri nisingecheka. Amekasirika, amesema ndiyo maana nilitaka kuingia kwake: nivune, halafu mwakani niseme ni kwangu. Sasa nimeelewa. Watu wamemjaza maneno kwamba binti akipewa ekari moja atataka ya pili. Huyu nilimbeba mgongoni. Imeniuma.

Jumamosi, 16 Agosti
Mzee Koech amekuja kutuamua, yeye ndiye aliyeshuhudia Baba akigawa. Nimemwonyesha suke la nyasi: vijipunje vimepangwa vitatu vitatu, cha katikati kina uhai, vya pembeni ni makapi. Mzee amevua miwani, akaivaa tena, akasema yeye anaona ndevu tu. Nimemwambia zikikomaa hakuna atakayebisha, kwa sababu suke la mwitu hupukutika lenyewe na la shayiri hungoja kupigwa kwa fimbo. Amefurahi. Uamuzi: tungoje zikomae. Mpaka siku hiyo mtu asiguse kile kipande. Atakayeng'oa ameficha ushahidi.
Nimejifunga kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 28 Agosti
Mkaguzi wa mbegu. Msichana mdogo, mkali, buti kubwa kuliko yeye. Amepita mistari yote, hajapata kitu. Halafu akaangalia ng'ambo ya waya.
"Mama, hiyo ikikomaa itaingia kwako. Toa kabla nirudi, ama nitakataa shamba."
Nikasema si yangu.
"Basi ongea na mwenyewe."
Nimempigia Kibet. Hakushika.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeamka mapema, nimevaa glavu, nimefika kwenye waya. Hakukuwa na mtu. Ingekuwa kazi ya asubuhi moja.
Nimerudi nyumbani. Nikizing'oa, nitabaki na mbegu na nitakuwa mwizi mpaka nife. Watoto wa Kibet watafundishwa hivyo. Nikiziacha, shamba limeenda. Nimeziacha. Sijisikii mwema. Nasikia hasira tu.

Ijumaa, 19 Septemba
Leo ndiyo siku. Upepo mwingi. Mzee Koech katikati, Kibet upande wake, mimi wangu. Nimempa Kibet suke la shayiri yangu. Nikamwambia alipige kwenye goti. Amelipiga. Limebaki zima. Halafu nikamwambia akate la kwake, alifinye kwa vidole viwili. Limevunjika vipande vipande kiganjani, vitatu vitatu. Upepo ukachukua vingine, ukavileta kwangu. Sote watatu tumeviona vikipita.
Mzee amesema, "Hii ni nyasi. Imekwisha."
Kibet amejipangusa kwenye suruali. Ndevu zimemng'ang'ania. Hakusema pole. Ameenda kuwasha gari.
Nilidhani nitafurahi.

Jumatano, 24 Septemba
Msichana wa buti amerudi. Ameinama ukingoni mwa shayiri yangu, ameokota kijipunje kimoja, akakiweka kiganjani mwangu. Shamba limekataliwa. Mavuno yataenda kwa wenye ng'ombe. Nimempa viazi vya kubeba, si kosa lake.

Jumamosi, 16 Mei
Nimepanda tena. Sina akili nyingine. Mbegu zilizopukutika mwaka jana zimeota pamoja na shayiri, na zikiwa changa hivi hata mama yao angezichanganya. Nimepiga magoti tangu saa moja.
Kibet amekuja na gambuti. Ameniamkia, nikaitikia. Ameanza upande wake, anang'oa kwa mikono. Jua lilipokuwa kali ameruka waya, akainama kwenye lundo langu la nyasi zilizong'olewa. Ameokota moja. Amepapasa jani, amelifunua pale shingoni, akalipapasa tena. Akaninyooshea.
"Sister, hii ni yako."
Nimeiangalia. Jani laini kabisa, halina unywele hata mmoja. Nilikuwa nang'oa shayiri yangu mwenyewe.
Nimetoboa udongo kwa kidole, nimeirudisha, nimeishindilia. Sijui kama itashika. Kibet ameshika mstari wa pili.