Taa ya Kijani Iliwaka, Hakuna Aliyesogea

Jumanne jioni. Baridi ya Julai, ile inayoingia hadi kwenye meno. Tangu asubuhi mlima haujaonekana, ukungu umeufunika kana kwamba haujawahi kuwepo.

Nimekaa kitandani, viatu bado viko miguuni. Chai imepoa mara mbili. Nataka kuandika haya leo leo, maana nikianza kuyasimulia kwa watu najijua, nitatia chumvi, na haya hayahitaji chumvi.

Wacha nianze na taa.

Wanaosoma blogu hii wanaujua ugomvi wangu na zile taa. Kwa mgeni: mimi ni nesi, mzaliwa wa Bungoma, na kila asubuhi naendesha baiskeli kutoka huku upande wa Naro Moru hadi kliniki moja ndogo mjini Nanyuki. Kwetu baiskeli ni kitu cha kawaida, hata kanisani tunaenda nayo. Hapa, mwanamke wa makamo juu ya baiskeli, sare ya unesi ikipepea chini ya jaketi, ni sinema ya bure. Hilo nimelizoea. Taa ndizo zilizonishinda.

Kuna daraja linajengwa upya, na barabara imebaki upande mmoja tu, kipande kirefu tena cha kupanda. Mwanzoni alikuwepo msichana wa bendera, anaitwa Njeri. Njeri alikuwa anatuona. Alisubiri baiskeli ya mwisho ifike ng'ambo ndipo ageuze bendera yake. Halafu mkandarasi akamwondoa, akaleta taa mbili za miguu mitatu, moja huku na moja kule. Eti zinatumia jua. Jua gani, mwezi huu?

Taa haijui baiskeli. Inawaka kijani kwa muda unaotosha gari, kisha inajifunga, na wewe bado uko katikati ya mlima unahema. Malori ya ng'ambo yameshaachiliwa na yanakuja uso kwa uso. Siku ya kwanza nilijirusha kwenye kokoto nikachubuka goti.

Kwa hiyo sisi watu wa baiskeli, wengi wetu wafanyakazi wa mashamba ya maua, tukajibunia njia. Kuna kitambo kidogo ambapo magari ya ng'ambo yameshapita yote na taa yetu ingali nyekundu. Hapo ndipo tunapochomoka. Ukichomoka hapo, unafika juu kabla madereva walio nyuma yako hawajakukanyaga. Kisheria ni makosa. Goti langu lina maoni yake.

Sasa, ufunguo wa kliniki ninao mimi. Saa moja asubuhi mlango uwe wazi. Daktari, mwenye kliniki, ni mtu wa hapa hapa na si mtu mbaya, lakini mambo ya saa hataki mchezo. Taa zilikuwa zimenichelewesha mara mbili mwezi huu. Mara ya pili nilikuta mama mmoja ameshasimama nje na mtoto mwenye homa hadi amechoka, akaenda zake. Daktari hakunipazia sauti. Alisema tu, "Nesi, ukichelewa tena, usisumbuke kuingia."

Nikajua unga uko karibu kumwagika. Nina binti yuko chuo, na kwenye nyumba hii hakuna mwingine anayeamka kwenda kazini.

Leo nikaamka, nikakuta gurudumu la nyuma halina upepo.

Nilipolijaza na kufika kwenye taa nilikuwa tayari natokwa na jasho ndani ya baridi. Nyekundu. Bila shaka ilikuwa nyekundu. Nyuma yangu likaja lori la kabichi, ambalo dereva wake namfahamu kwa honi tu, maana hunipigia karibu kila asubuhi nikiwa mbele yake. Ng'ambo kimya. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna hata mbuzi. Na taa imekaa pale kwenye ukungu inaniangalia kwa jicho lake moja jekundu. Nilikasirika hadi machozi yakanilengalenga. Niliitukana kwa Kibukusu, matusi ambayo mama yangu asingeamini kwamba nayajua.

Nikachomoka.

Nilikuwa nimefika katikati, pale penye mtaro wazi mkono mmoja na rundo la kokoto mkono mwingine, nilipoona kitu kikubwa kimesimama mbele yangu. Nilidhani ni tingatinga la mkandarasi limeachwa njiani, nikaanza kutafuta maneno ya kumtukana na yeye.

Halafu tingatinga likatikisa sikio.

Nilishuka. Sikumbuki nikishuka. Baiskeli nililaza chini, au ilianguka yenyewe, na mimi nikajivuta pembeni hatua chache mpaka kokoto zikanigusa mgongoni. Kushoto ni mtaro, kulia hakupandiki, nyuma ni mbali. Mtu akiniuliza niliomba nini, sikuomba kitu. Kichwa kilikuwa kitupu kabisa.

Alikuwa ndovu jike. Nyuma yake wakatokea wengine kutoka upande wa msitu, mmoja baada ya mwingine, na kitu ambacho bado hakijaniingia akilini ni kwamba hawakuwa na kishindo. Wanyama wakubwa kiasi kile, na nilichosikia ni pumzi yao tu, na majani yaliyolowa yakikwaruza mbavu zao. Walikuwa wamepakaa udongo mwekundu mpaka machoni. Wakipumua, mvuke unatoka. Na kulikuwa na sauti nyingine ya chini chini ambayo sikuisikia kwa masikio, niliisikia hapa kifuani, kwenye mifupa.

Nimehudumia wagonjwa miaka mingi. Nimeshika watoto wakizaliwa na nimefumba macho ya wazee. Sijawahi kujiona mdogo namna ile, na ajabu ni kwamba haikuniuma.

Yule wa mbele alinitazama. Ana kope, ndefu, zimeshika matone ya umande. Aliponitazama nilihisi kwamba amenihesabu, ameniweka mahali pangu, kisha akaendelea na mambo yake. Alinyoosha mkonga akanusa baiskeli. Akaugusa mpira wa mbele, taratibu kabisa, na gurudumu likazunguka. Tik tik tik tik. Akaondoa mkonga, akasubiri lisimame, akaligusa tena.

Na hapo ndipo simu yangu ikalia.

Wimbo wa kwaya, sauti yote juu. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, na mikono yangu ilikataa kabisa kuifuata. Masikio ya ndovu yakafunguka, moja huku, moja kule, yakafunika ukungu wote uliokuwa mbele yangu. Nilijua ni daktari. Hakuna mwingine wa kunipigia saa hiyo. Nikawaza, sasa huyu mtu ataniua kwa sababu nimechelewa, na wala hatajua kwamba ameniua.

Kwaya ikaimba hadi mwisho. Ikanyamaza.

Ndovu alibaki amesimama. Akapuliza pumzi moja nzito iliyonirushia udongo mwekundu usoni, kisha akageuza kichwa, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na shida. Mtoto, mdogo, bado ana nywele mgongoni, alikuwa amefika kwenye mtaro na amekataa kuvuka. Anaweka mguu, anautoa. Anaweka, anautoa. Mama yake, yule yule wa mbele, akarudi. Kundi zima likasimama barabarani likimngoja mtoto mmoja.

Wakati huo ndipo taa iliyokuwa nyuma yangu ikawaka kijani. Niliuona mwanga wake kwenye ukungu, ukapaka migongo yao.

Hakuna aliyesogea.

Niligeuza macho tu, shingo sikuthubutu. Ukungu ulikuwa umeachia kidogo, nikaliona lori la kabichi limezima injini. Nyuma yake palikuwa na magari mengine na pikipiki, yote yamezimwa, watu wamekaa kimya kana kwamba wako kanisani. Yule dereva wa honi alikuwa amevua kofia yake, ameishika kifuani. Taa ikarudi nyekundu. Ikaja kijani tena. Ikarudi nyekundu. Ilikuwa inatuamrisha, nendeni, simameni, nendeni, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa anaisikiliza. Nami niliyeigombeza miezi yote hii nikaionea huruma.

Mama alipitisha mkonga chini ya tumbo la mtoto akamsukuma kidogo tu. Mtoto akateleza ndani ya mtaro, akaibuka upande wa pili amejaa matope, akakimbia na masikio yake yakipigapiga. Wakaingia kwenye miti ya shamba la ng'ambo, pale ambapo uzio umeanguka. Mara wapo, mara hawapo. Ukungu ukajifunga nyuma yao.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilipopata fahamu nilikuwa nalia, na nilikuwa nimeshika kokoto mkononi kwa nguvu hadi imenikata.

Dereva alikuja kwa miguu akaniinulia baiskeli. Ni mzee kuliko nilivyodhani.

"Haki, nesi, mimi nilizima hata redio," akasema. "Nilijua nikigusa hii honi nimekuua." Akajaribu kucheka, ikamshinda. "Wewe pita mbele. Mimi nitakufuata polepole, hakuna mtu atakupita."

Taa ilikuwa nyekundu. Akanifuata hadi juu, na nyuma yake wote wakafuata kwa mwendo wa baiskeli yangu. Walioanza kuingia kutoka ng'ambo wakarudi nyuma wenyewe, bila matusi.

Nilifika kliniki nimechelewa vibaya. Wagonjwa nje, akina mama na watoto wamefunikwa mablanketi, na daktari katikati yao, mikono nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema, "Ndovu."

"Nesi," akasema, "hapa Nanyuki mtu akilala sana ni ndovu. Gari ikikosa mafuta ni ndovu. Ata mimi nikiwa kijana nilikuwa natumia hiyo ya ndovu. Nimekupigia simu hukushika."

"Ililia, daktari. Nilikuwa mbele yake."

"Mbele ya nani?"

Nilitoa ufunguo nifungue, lakini haukuingia kwenye kufuli. Nikajaribu tena. Ulikuwa unagonga chuma pembeni, ko ko ko, mbele ya watu wote. Daktari aliitazama mikono yangu. Akaitazama damu kwenye kiganja na ule udongo mwekundu uliokuwa umenirukia usoni. Akauchukua ufunguo kutoka kwangu, akafungua mwenyewe, akauweka mfukoni mwake.

Basi, nikajiambia. Imekwisha.

Hakunifukuza wakati ule, labda kwa sababu ya foleni. Aliniambia nikanywe kitu cha moto kwanza. Tulifanya kazi mchana kutwa bila kuzungumza zaidi ya majina ya dawa. Nilipima watoto, nikachoma sindano, mkono ulikuwa umetulia. Kila nilipoinua kichwa nilikuwa naaga kitu fulani: ile mizani mbovu, dirisha lisilofungika, benchi la akina mama. Nilifikiria nitamwambia nini binti yangu. Halafu katikati ya mawazo hayo naona zile kope na umande wake, na kwa muda mfupi nasahau kabisa kuogopa.

Jioni tulipokuwa tunafunga, daktari alisimama mlangoni akacheza na ufunguo.

"Kesho kuja saa mbili," akasema. "Nitakuwa nafungua mimi. Mimi naishi hapa karibu, kwani nini kilikuwa kinanishinda?"

Nikamuuliza kama hiyo inamaanisha bado niko na kazi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Si nimesema saa mbili?"

Nikafungua baiskeli. Nilikuwa nimeshapanda alipoita tena. Alikuwa bado mlangoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini, karibu ya aibu.

"Nesi. Huyo mtoto alivuka?"

Nilikuwa sijamwambia habari za mtoto. Lazima alizisikia kwa wagonjwa, mji umejaa hadithi hii tangu asubuhi. Nikamwambia alivuka. Akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, kisha akaingia ndani akaanza kuzima taa.

Sasa nimekaa hapa na baridi imenifika kwenye vidole. Ningepaswa kuandika kwamba nimejuta kuvunja ile nyekundu. Ningeandika hivyo ningekuwa nadanganya, maana ningesubiri, ningewaona kwa mbali tu, nyuma ya lori la kabichi. Na bado najua kwamba mtu hapewi asubuhi kama hii mara mbili akabaki mzima.

Kesho nikikuta taa ni nyekundu nitasimama. Nitashuka kabisa, niegemeze baiskeli, niache wenye haraka wachomoke. Nina saa nzima ya ziada. Nitakuwa naangalia upande wa msitu.