Kiwanja Kimeandikwa Jina Lako

Morogoro Mjini,
6 Desemba 1994.

Mpendwa Mjomba Kibwana,

Shikamoo. Hujambo huko Mwanza? Mguu umepona? Mama Shukuru na watoto hawajambo? Sisi tuzima, ila ni uzima wa kulala darasani, madawati tumeyapanga ukutani.

Fujo za hapa bila shaka ulizisikia redioni. Mgambo walibomoa vibanda vya wauza mitumba, vijana wakajibu kwa mawe, duka likachomwa. Wakubwa wakasema wahalifu wanajificha kwetu bondeni. Basi katapila likaja. Nyumba ambayo mama aliijenga kwa kuuza ndizi za Kinole imekwenda, na choo kipya pia.

Sasa wanatugawia viwanja ng'ambo ya reli. Vichaka vitupu, maji hakuna, lakini angalau hapo hatafukuzwa mtu.

Sikia kilichonitia wazimu. Afisa ardhi alimwuliza mama, "Mwenye nyumba nani?" Dada yako akajibu kwa heshima zote, "Kaka yangu, Kibwana." Eti kwa sisi Waluguru mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, ardhi haitajwi bila yeye. Hata kama hukushika tofali moja! Mimi nilikuwa bombani. Narudi, kiwanja kimeshaandikwa jina lako.

Ofisini nimekwenda mpaka soli zimeisha. Wanasema mwenye jina aje mwenyewe kabla ya Krismasi, la sivyo wanampa mwingine. Na Januari shule inafunguliwa, hapa tunatolewa.

Nimembembeleza mama aseme tu kwamba nyumba ilikuwa yake. Amekataa katakata. "Nimkane kaka yangu mbele ya wageni? Bora nilale nje." Nimelia kwa hasira, Mjomba. Nyie wawili kwa ukaidi mmetoka tumbo moja kweli.

Kwa hiyo njoo. Simama mbele ya yule afisa, useme kiwanja ni cha dada yako Mwamvita. Wewe ukitamka, mama atakubali. Mimi hata nikipiga kelele mchana kutwa, kwake ni mtoto tu.

Nisalimie Mama Shukuru, Shukuru mwenyewe na Rahel. Mungu akulainishie bosi wako akupe ruhusa, na akufikishe salama.

Mama anakusalimu sana. Wasiwasi hana hata chembe. Jana nimemkuta kule ng'ambo ya reli, kajifunga khanga kiunoni, anapanda mihogo. Anasema Kibwana akija asikute shamba lake tupu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Riziki