Punguzo la Harusi Ijayo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekwenda ukumbini kudai pesa zangu. Nilivaa shati la kutokea, nikachana hata ndevu, maana anayedai pesa asifanane na anayeomba.

Meneja wa ukumbi ni mama mwenye kucha ndefu na sauti ya kubembelezea watoto. Nikamweleza: harusi ya binti yangu haipo tena, bwana harusi kaghairi tangu Januari, kwa meseji ya simu, na ukumbi nimelipia mimi wote, hadi viti. Naomba pesa.

"Pole sana, mzee wangu. Ila sisi haturejeshi. Tunahamisha tarehe."

Tuhamishie wapi? Bwana harusi mwenyewe kahama! Akacheka, alidhani namtania. Halafu akasema kwa vile mimi ni mteja mzuri, atanipa punguzo. Asilimia thelathini. Kwa harusi ijayo.

Harusi ijayo! Yaani binti yangu ni gari la kukodi? Au tupewe kadi kabisa – ukiachwa mara tano, ya sita bure!

Nimerudi kwa miguu kwa hasira. Viatu vya kutokea vimenichuna visigino vyote viwili. Kumbe hata hasira ingefaa ipande basi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeranda mbao kwa mkono siku nzima. Kiuno si changu. Mashine yangu ya kuranda niliiuza, ndiyo ikawa ukumbi. Seremala mwenzangu aliyeinunua yuko ng'ambo ya barabara, naisikia ikilia kwake – sauti yake naijua kama kikohozi cha mke wangu. Kasema ananisubiri niikomboe hadi mwisho wa mwezi, bei ileile. Baada ya hapo anaiuza. Ana mteja tayari.

Mke wangu kaleta chakula karakanani, kanikuta nafoka peke yangu. Nikamwambia hawa watu wana maneno ya kuoshea mikono! Hawasemi "tumekula", wanasema "haturejeshi". Hawasemi "nyamaza", wanasema "punguzo". Limepunguza nini? Kilichopungua ni mfuko wangu tu!

Yeye akainua macho juu ya mlango wangu, kwenye kibao nilichoandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

"Baba watoto," akasema, "yule mama labda ulimfundisha wewe."

Nimekigeuza kibao. Nyuma kumbe kimeandikwa TUMEHAMIA HAPA, cha mwaka ule tulipohama. Wateja wawili wamenipa hongera.

Jumatano, 6 Machi

Mteja wa kabati kaomba nimpunguzie. Nikamfokea. Akaanza kuondoka. Nikamkimbilia, nikampunguzia. Jioni nikajifokea.

Alhamisi, 7 Machi

Sina hata pa kuanzia.

Nimerudi ukumbini. Nilikwisha kunywea – nilikwenda kusema basi, nipeni hata nusu. Meneja kafungua kompyuta yake, kaangalia, kaniangalia mimi, kaangalia tena.

"Mzee wangu, tarehe imeshahamishwa. Mwenye jina alikuja mwenyewe."

Mwenye jina! Ndiyo, wakati wa kukodi yule bwana harusi ndiye aliyekwenda kuandikisha, mimi nikatuma pesa kwa simu, nikijua ni mkwe. Jina lake, pesa yangu. Na harusi imewekwa Jumamosi ya tarehe 30, mwezi huuhuu. Bibi harusi mwingine.

Nyumbani tulikuwa tunamwita Bwana Harusi Mstaafu. Kumbe mstaafu karudi kazini! Anaoa kwa mashine yangu ya kuranda!

Nikamuuliza meneja, risiti ya aliyelipa hamna? Ipo. Jina langu lipo? Lipo. Sasa?

"Hayo ni mambo ya kifamilia, mzee wangu."

Familia ipi? Nikasema maneno ambayo hata humu siyaandiki. Mlinzi akanishika kiwiko, taratibu, kwa adabu zote. "Twende, baba. Jua kali."

Jumamosi, 9 Machi

Dada yangu kashapata habari, sijui kwa nani. Kapiga simu asubuhi. Mpango wake: siku ya harusi twende wote, yeye atakuja na kiti chake kutoka nyumbani. "Mimi shangazi mtu! Nikikaa pale mlangoni apite nani?" Ukimjua dada yangu kwa umbo, unajua hatanii. Mpango umenipendeza. Nikaanza kufikiria nivae suruali ipi.

Binti kurudi kutoka kazini nikamweleza. Yeye ni keshia kwenye duka kubwa, alikuwa bado na sare. Akavua kiatu kimoja, akatulia nacho mkononi.

"Aliyekwenda kuhamisha ni yeye, au ni mama yake?"

Ni yeye.

"Sawa." Akavua cha pili.

Nikamweleza mpango wa kiti. Akasema tusithubutu. Watu watasema ameachwa na bado anaufukuzia ukumbi. Nikamuuliza, na pesa? Nami nirande kwa mkono hadi kaburini?

"Baba, dukani kwetu anayepiga kelele anapewa vocha. Anayekaa pale bila kuondoka ndiye anarudishiwa pesa."

Kisha akachukua simu, akaandika kitu kifupi, akatuma. Hakunionyesha. Nilidhani mwenye hasira humu ndani ni mimi. Kumbe ana hasira kunizidi, ila zake zinapanga foleni.

Jumapili, 10 Machi

Amekuja! Bwana Harusi Mstaafu yuko sebuleni hivi ninavyoandika. Mimi niko jikoni, mke wangu kanishika shati.

Aliingia na viatu vinang'aa na bahasha. "Shikamoo, baba." Ulimi wangu ukasema marahaba kabla sijauzuia. Ulimi mjinga! Akaweka bahasha mezani – meza niliyoiunda mimi. Ni nusu, akasema. Mnipunguzie tu, baba, mambo ni mengi, kuna gharama za – akameza neno. Iliyobaki tusameheane.

Nikasimama. Binti, bila hata kunitazama: "Baba, mama anakuita jikoni."

Mama hakuita mtu. Alikuwa amekaa pembeni yangu! Tumekuja jikoni wote wawili kama watoto.

Huko sebuleni anaongea Mstaafu peke yake. Ataongeza kidogo mwezi ujao. Binti kimya. Basi ataongeza wiki hii. Kimya. Basi ataacha na saa yake, ni ya bei. Kimya. Kochi linalia, ni yeye anajigeuzageuza. Ningejua ningelitia misumari.

Simu yake imelia. Kaikata. Imelia tena. Kasema aruhusiwe kuondoka, kuna mtu anamsubiri nje kwenye gari.

Sasa binti ndiyo kafungua mdomo.

"Mkaribishe aingie. Jua kali."

Mke wangu kaniachia shati, anapanga glasi kwenye sinia. Nimemuuliza ngapi. Kaongeza moja. Nje, mlango wa gari umefungwa, na viatu vya kike vinakuja.