Fremu Nyeusi Uliyoikwangua

Mama yangu mpendwa,

Leo nimetua mzigo, na wa kumwambia ni wewe tu. Mwezi umepita tangu tukuzike hapa Kitanga, na bado kila jioni nanyoosha shingo kuona kama unarudi kutoka shambani. Ngoja nianze na picha ya baba, maana ndiyo iliyoninyima raha miaka yote hii.

Unaikumbuka ilivyokuwa tulipovuka mpaka kutoka Burundi, mwaka ule wa sabini na mbili? Kipicha kidogo cha kitambulisho, umekifunga kwenye pindo la kitenge, na baba mwenyewe hatujui alipotelea wapi. Baadaye ukaipeleka Kasulu kwa mpiga picha, ikapigwa upya na kukuzwa. Akakuuliza unataka karatasi inayong'aa au isiyong'aa. Ukajibu papo hapo, "Isiyong'aa. Mume wangu si mtu wa kung'aa." Nilicheka mpaka mpiga picha akanitazama vibaya.

Tukatoka hapo tukaingia kwa Fundi Hamisi, yule seremala mzaliwa wa Ujiji mwenye kibanda palepale Kasulu, karibu na soko. Alituwekea vipande viwili mezani: mninga uliopakwa vanishi, mistari ya mti inaonekana vizuri, na mbao nyepesi iliyopakwa rangi nyeusi. Hiyo nyeusi, alisema, watu huichukua kwa picha za marehemu. Ukaondoa mkono wako haraka. "Oya!" ukasema kwa Kirundi chetu. "Hapana, fundi. Huyu yupo. Nipakie vanishi."

Yupo. Neno hilo lilikuwa limenichosha, mama. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nyumba yetu ilikaa miaka miwili bila mlango, tunaning'iniza mkeka, kwa sababu ulisema mlango atautengeneza baba. Baridi ya huku unaijua. Wadogo zangu wanakohoa, wewe unangoja. Nilitaka ulie mara moja, yaishe, tuweke mlango.

Kwa hiyo siku uliponituma nikamkumbushe fundi kazi yetu, nilimwambia, "Mama amebadili mawazo. Paka nyeusi. Tumepata habari kwamba baba amefariki." Akanipa pole. Nikaipokea.

Hilo hukuwahi kulisikia kutoka kinywani mwangu.

Fremu ilipofika uliifungua kwenye gazeti lake, ukapitisha kidole kwenye weusi. Halafu ukasema, "Fundi amenizikia mume." Ukachukua kipande cha chupa ukaanza kukwangua. Siku tatu nzima, ukitoka kulima unakaa kizingitini unakwangua, vidole vimechubuka, na mimi nachambua maharage pembeni nashindwa kukutazama. Siku ya nne ukaenda Kasulu kumgombeza. Ulirudi na kikopo cha vanishi, mpole kuliko nilivyotegemea. Tangu hapo fundi akawa ndiye mkosaji wa nyumba yetu. Kigoda kikivunjika, "Labda ni cha Hamisi." Kila mtu anacheka, mimi nacheka kwa meno tu.

Na baba akaja kweli! Alikuwa amevuka mpaka kupitia Mabamba, yupo Kibondo muda wote huo, anatutafuta kijiji hadi kijiji. Alipokwisha kutukumbatia aliiona picha yake ukutani, akaona na weusi uliobaki kwenye pembe za fremu. "Fundi gani huyu? Alipaka kwa mwiko?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilibeba ndoo nikaenda mtoni, nikalia huko kwa furaha na kwa aibu, sijui ipi ilizidi.

Juzi nimepeleka picha yako kwa Fundi Hamisi, ile uliyopigwa siku ya kipaimara cha mdogo wangu. Kabla hajaniuliza chochote nikaropoka yote. Aliweka randa chini, akaniangalia.

"Binti, mama yako alijua."

Nikadhani ananibembeleza. Akaendelea, "Siku aliyokuja kunigombeza nilimwambia wazi kwamba habari zile uliniletea wewe. Akakaa kwenye benchi hilo. Kisha akasema, 'Fundi, nakuomba lawama hii uibebe wewe. Mtoto amechoka kungoja, na mimi sina kingine cha kumpa.' Basi nikaibeba. Nimesemwa miaka mitano kwa ajili yako, ila kila mavuno alikuwa ananiletea maharage."

Nilikaa kwenye benchi hilo nikapumua, mama. Nilipumua hadi tumboni. Miaka mitano nakuficha kitu ambacho wewe ndiye uliyekuwa unanifichia.

Fundi akaniuliza fremu yako iwe rangi gani. Nikasema nyeusi, maana safari hii ni kweli. Akakataa katakata. "Nyeusi kwa neno lako wewe? Sipaki tena. Mlete baba yako aseme mwenyewe."

Leo nimekwenda na baba. Njiani nilimweleza yote. Alikaza mwendo, nikajua nimekwisha. Kisha akaniambia, "Mimi nikiwa Kibondo, mwaka wa pili, nilimwomba padri awasomee misa ya wafu. Ninyi wote, kwa majina. Kesho yake nikaendelea kuwatafuta kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Mama yako sikuwahi kumwambia." Tukaendelea kutembea, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, tulikuwa wepesi.

Fundi akatuwekea vipande viwili mezani. Baba alivishika kimoja kimoja, akamrudishia cheusi.

"Mpakie vanishi. Sisi wawili tulishapaka nyeusi ya kutosha."

Pumzika, mama. Asante kwa kunibebea.

Mwanao wa kwanza