Valize ya Papa Mudogo

Mweso, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa Papa Mudogo Kanyamibwa, huko Bisie,

Jambo sana, na tena jambo. Afya iko namna gani? Na mugongo? Na lile tumbo lako linalotangulia mbele kukufungulia njia? Sisi huku tuko. Mama iko, Alliance iko na kikohozi kidogo, mvua inapiga kila siku na maharagi yanaozea shambani. Mimi niko na nguvu na uzuri, unanijua.

Ninaandika kwa sababu simu yako kila siku anajibu yule dada wa «haipatikani». Nimemusikia mpaka ninaweza kuiga sauti yake, na watu wanacheka. Barua atakuletea Jean-Marie wa moto, mwenye pikipiki, yule asiye na meno ya mbele. Umupe chai, njia ni ndefu.

Huko porini hamusikii mambo makubwa, acha nikuambie. Mutoto wako siku hizi ni mutu mukubwa. Kwa sine ya Gustave, kile kibanda cha filamu nyuma ya soko, njo mimi ninasimama pembeni ya televiziyo na mikro, ninafasiria watu filamu. Shule niliacha mwaka wa tano, lakini Kifaransa kilikataa kuniacha, kilinifuata kama mbwa. Ninalia kama mwanamuke, ninakohoa kama muzee, ninabweka. Wananiita Sauti Saba. Ya nane ninaichunga.

Habari ya papa, ndugu yako, hakuna jipya. Shimo la madini la Rubaya lilibaki vile lilimufunika. Waliofika kule wanasema majani yameota juu. Watu wananiuliza kama ninaumia, ninajibu ndiyo, kwa heshima. Kweli yake, moyo umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Ninajua ni wangu, lakini nikiugusa hausemi kitu. Kwa sine ninaliza wamama benchi nzima, na mimi ninafikiria bugali.

Mama angali na kitambaa cheusi cha ujane. Anakifua jioni, asubuhi anakivaa kingali na maji. Wazee walisema ni wewe peke yako, ndugu ya marehemu, mwenye haki ya kukifungua: umurithi ao umuachie njia. Wewe ulinyamaza. Basi haendi ndoa za watu, hauzi sokoni, hata kwao hawezi kurudi kusalimia. Kila mutu anamuuliza, Kanyamibwa alisema nini? Anajibu, atakuja.

Sasa sikia filamu. Gustave alileta kwa flashi filamu ya familia, ya vipande-vipande, jina lake Nyumba ya Francine. Francine ni mujane, bwana yake alikufa kwa gari, ana watoto na duka la nguo. Ee Papa Mudogo, Mweso iliipenda! Hata wachungaji walitelemuka kutoka malishoni, wanaacha ng'ombe kwa watoto. Kufika kipande cha mwisho, mutu mumoja anafika na valize, sanduku la safari kubwa kama kitanda, anabisha mulango. Francine anashika funguo. Picha inakatika.

Gustave alitafuta kipande kinachofuata mpaka Goma. Wakamuambia hakuna, wenye kuitengeneza waliiacha pale pale. Filamu ilikufa ingali mutoto.

Tena kulikuwa matata ya yule mutu wa valize. Watoto wa Francine wanamuita «oncle». Kifaransa ni masikini hapo: mujomba ni oncle, papa mudogo, ndugu ya papa, naye ni oncle. Mimi nikachagua papa mudogo. Hapo sine yote ikajua amekuja kurithi mujane.

Watu hawakukubali kulala na mulango umefungwa. Mama Muhawenimana, muuza maziwa, alinikamata shati.

«Wewe mutoto! Nimeacha maziwa yangu nikuje kuangalia mutu anashika funguo? Anafungua ao hafungui?»

Basi Gustave akarudisha kile kipande, akasimamisha picha pale kwa funguo, akaniambia, sema. Nikasema. Francine akafungua, kuku akachinjwa, valize ikaingia mpaka chumbani. Makofi yalipigwa mpaka vumbi ikashuka kwa mabati. Mama alikuwa benchi la nyuma. Alisimama, akatoka.

Nilimukuta nyumbani anamenya viazi.

«Nani alikuambia anafungua?»

«Mama, ni filamu.»

«Ninajua ni filamu. Nani alikuambia?»

Nikataka kumuchekesha. Nikasema, labda yule si papa mudogo, labda ni mujomba tu, nilifasiria vibaya.

«Ni papa mudogo,» mama akasema. «Angekuwa mujomba, ndugu yake mwenyewe, mulango ungefunguka zamani.»

Akamenya viazi viwili, vitatu. Kisha, bila kuniangalia, akaniambia maneno Francine angepaswa kusema. Sikuongeza hata moja, na unajua mimi kuongeza njo kazi yangu. Jumamosi Gustave akasimamisha picha tena kwa funguo, nikayasema kwa sauti ya mwanamuke:

«Shemeji, karibu. Valize iache inje. Ingia ule, umulilie ndugu yako, tuvunje matanga, unifungue kitambaa hiki mbele ya watu. Kisha urudi kwako na amani, na mimi nibaki kwangu na amani.»

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Muhawenimana alisema tu «Eee», pole pole. Pale kwa «umulilie ndugu yako» sauti yangu ilikatika. Watu walifikiri ni ufundi. Mimi pia nilifikiri hivyo. Mama alibaki kwa benchi mpaka Gustave alizima televiziyo, tukarudi wote wawili.

Mama hawezi kukuambia hayo, wewe ni shemeji yake, haya inamushika. Wala hakunituma. Lakini aliona nimechukua bic na karatasi, akaleta taa karibu, akaenda kulala.

Salimia Thierry, ndugu yangu, umuambie ningali ninamushinda mbio. Salimia sana Naomie, yule unayesema anakupikia tu. Mama anajua, Papa Mudogo. Hajachukia, anamuombea afya. Alliance anakusalimia na kikohozi chake. Mungu akushikilie udongo juu ya kichwa, kila siku ukiingia shimoni huko Bisie, mpaka utoke.

Ni mimi mutoto wako hata ukinikana, anayekupenda hata ukichelewa,

Barthélemy Sauti Saba

Nilisahau: moto ya Jean-Marie inabeba mutu na mukoba mudogo. Chakula kitakuwa tayari, mulango utafunguka. Valize iache Bisie.