Jina la Asali ya Kinamama wa Mkata

S.L.P. 318,
Manundu,
Korogwe.
21 Agosti 2011.

Mpendwa kaka Gregori,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari, na hii ni wiki ya pili naianza barua hii na kuichana. Si kwamba nilikusahau. Mwanzoni shughuli zilinizidi, baadaye nikawa sijui nianzie wapi.

U hali gani huko mgodini? Kile kifua kimetulia au bado unakohoa vumbi? Na wifi Emiliana, miguu imeacha kuvimba? Sisi tunasukuma siku. Lea ameng'oka meno mawili ya mbele na mdogo wake ndiyo kwanza anaota, basi mmoja anapoteza, mwingine anapata, na kilio chote kinaishia mapajani kwangu. Baba yao yupo Mkata anapakia mahindi, tunamwona Jumamosi. Mama kule Kwedizinga ni mzima ila macho yanazidi kumsumbua. Akisikia pikipiki tu anauliza kama ni wewe.

Barua hii nimempa Semboja fundi, anayekuja huko kuanza kazi. Nimemwambia akupe mkononi, asiiache kwa mlinzi. Simu yako nimeipiga mpaka yule dada anayesema namba haipatikani nimemzoea kama jirani. Barua pepe nazo zinarudi.

Kaka, sitazunguka. Jina la tovuti la Asali ya Handeni, lile la kinamama wa Mkata, limeuzwa, na aliyeuza ni wewe.

Unakumbuka tulivyoianza kazi hii. Mimi natafuta majina ya tovuti ambayo hayajachukuliwa, nayatangaza kwenye intaneti, na wenye biashara ndogo wananiandikia: wa gesti, wa mbao, wa machungwa. Wengi sijawahi kuwaona sura. Kadi ya benki sina, kwa hiyo wewe ulikuwa unalipia kwa kadi yako na mimi nakurudishia kwa simu. Kinamama wa Mkata waliletwa na mwalimu mmoja aliyeona tangazo langu. Walikuja kumi na mmoja, wamekaa mpaka mlangoni, nikawaeleza kwamba jina la tovuti ni kama kibao cha duka: mtu aliye mbali akiliandika kwenye kompyuta anafika kwako, haendi kwa mwingine. Walilipenda hilo la kutokwenda kwa mwingine.

Siku ya kujaza fomu, pale panapoulizwa mwenye jina ni nani, niliandika Gregori. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona ndiyo heshima. Kwetu kitu kikubwa huandikwa kwa mkubwa, kama shamba la baba lilivyoandikwa kwako na wote tunalima humo bila neno. Majina kumi na manne ya watu kumi na wanne, yote niliyajaza hivyo hivyo. Kosa hilo ni langu na sikutupii wewe.

Basi mwezi huu kinamama walikwenda na asali yao kwenye maonyesho ya Nane Nane Morogoro. Chupa zao zilikuwa zimepangwa vizuri, kila lebo ina jina la tovuti. Akaja baba mmoja mwenye hoteli, akaonja, akasema atachukua nyingi, akatoa simu yake akaliandika lile jina. Ikafunguka tovuti ya kampuni moja ya Dar, asali yao, picha zao, bei zao. Akawatazama kinamama, akatazama chupa, akauliza kama wanabandika lebo za watu. Alirudisha chupa mezani akaondoka. Waliokuwa karibu walisikia, na siku ile hawakuuza tena.

Niliandika kwa wanaotunza majina. Wakajibu kwamba jina lilihamishiwa mmiliki mwingine mwezi wa tatu, kwa ridhaa ya mwenye jina. Nikaiandikia kampuni, nayo ikanitumia nakala ya karatasi ya mauzo. Sahihi niliitambua kabla ya kusoma. Ile G yako yenye mkia naijua tangu ulipokuwa unanisainia madaftari ya shule, kwa sababu baba hakuwepo tena.

Nkoile, mwenyekiti wao, alifika hapa siku ya pili baada ya kurudi, yeye na mwenzake Soila. Hawakupokea maji.

"Mama Lea, jina letu liko wapi?"

Nikasema limekwenda Dar kwa makosa.

"Limekwenda Dar," Soila akasema. "Lilipanda basi gani? Au limechoka kijijini, limekwenda kutafuta kazi?"

Nkoile hakucheka. Aliniuliza nani amelipeleka, na mimi, kaka, nikakutaja. Sikuona pa kukuficha. Akauliza, "Kaka yako wa tumbo moja?" Nikasema ndiyo.

Hapo ndipo macho yake yalipokwenda kwenye laptopu.

Mwezi wa nne uliponitumia ile laptopu kwenye basi, imefungwa kwenye shuka la wifi, nililia kwa furaha. Nilizunguka nayo Manundu nzima nikisema kaka yangu hana mfano. Nilikwenda nayo mpaka Mkata, nikawaonyesha kinamama haohao. Sasa Nkoile alihesabu miezi kwa vidole mbele yangu, taratibu, kama anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Wa tatu jina liliuzwa. Wa nne kompyuta ilikuja. Akasema, "Ulitupitishia vitu vyetu wenyewe tukavisifia." Nilimwambia aichukue. Nilimwekea mapajani kabisa. Akairudisha mezani. "Hii inajua kutundika mzinga?" Kisha wakaondoka.

Sijaiwasha tangu siku hiyo. Nimeifunika kwa kitenge na ninaandika kwa kalamu. Matangazo yangu yameshuka, watu wananiandikia na siwajibu. Nitamwuzia nani jina tena, na kwa mdomo gani? Sokoni kinamama wananijibu salamu kwa sababu ya adabu tu. Hata baba Lea, ambaye hajawahi kunitilia shaka kwa lolote, Jumamosi iliyopita aliniuliza mara moja tu, huku anafungua kamba za viatu: "Hukujua kweli?" Nilimjibu. Lakini kaka, swali lile limenikalia kifuani mpaka leo. Nikimnyonyesha mtoto nalisikia.

Labda ulidhani ni mojawapo ya yale majina tuliyokuwa tumeyaweka bila mnunuzi. Labda mlikuwa na shida ya hospitali ukaona aibu kuniambia. Ningekuelewa. Mimi ni mdogo wako, nimevaa sare uliyoninunulia na nimekula ugali wako. Ila siwezi kuwaambia kinamama kumi na mmoja kwamba ni bahati mbaya, na sitasema uongo kwa ajili yako. Nimejaribu kuusema mbele ya kioo, haukai mdomoni.

Watakutana Jumamosi, tarehe 17 Septemba, waamue kama wanipeleke polisi au wanifute tu kama hawajawahi kunijua. Sijui lipi afadhali. Na wale wengine kumi na watatu hawajajua kwamba majina yao nayo yameandikwa kwako. Wakijua, hapa Korogwe sina pa kuweka uso.

Msalimie sana wifi Emiliana na umwambie shuka lake nimelifua, lipo. Mama anakusalimu, hajui lolote, na usimwambie. Lea anamsalimu mjomba na anataka kujua kama chini ya ardhi kuna giza. Mungu akutunze kila unaposhuka na akupandishe mzima, hilo ninaliomba hata sasa.

Mdogo wako, ninayekupenda bado,
Hilaria.

Ninavyohitaji unitumie kwa mkono wa Semboja, maana anarudi mwanzoni mwa Septemba kuchukua familia yake, ni hivi. Fedha usitume, nikiziona nitazirudisha. Tuma paswadi ya ile akaunti tuliyonunulia majina, iandike kwa herufi zinazosomeka nisikosee. Tuma barua yenye sahihi yako na muhuri wa wakili, kwamba majina kumi na matatu yaliyobaki si yako, na kila moja litaje pamoja na mwenyewe. Orodha nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Tuma barua nyingine kwa ile kampuni, uwaambie uliuza kisicho chako, na nakala yake kwangu. Namba yako mpya ya simu. Halafu karatasi ndogo, mstari mmoja, kwa mwandiko wako mwenyewe, wa kuwasomea kinamama siku hiyo: kwamba Hilaria hakujua.