Aliyeonyeshwa Njia

Mke wangu Bi Mwanahawa,

Shikamoo kwanza, utani baadaye. Huu mwezi wa nne tangu tukuzike, na mjukuu wako sijapata mke mwingine. Wanaonitaka wapo, tena wazuri, usijidanganye. Lakini nani ataniita "mume wangu" huku ananituma kuni?

Kinu chako kipo palepale uani. Mama anatwanga, ila hajui kuacha mchi hewani ili acheke kwanza. Wewe ulikuwa ukinisikiliza masomo huku unatwanga. Siku niliyokusomea, kwa madaha yangu, kwamba miaka mia nne na ushei nyuma nahodha wa Kireno aliizunguka Afrika akagundua njia ya Hindi, mchi ulikutoka mkononi. Ukaniambia huyo Mreno alifika Malindi hajui pa kushika, akapewa rubani aliyeijua bahari yetu, ndiye aliyemvusha.

"Mtu kauliza njia, kaonyeshwa, kagundua nini?"

Nami na mdomo wangu huu nikayapeleka darasani. Nikala viboko sita, nikaambiwa nisirudi bila mkubwa wangu.

Ukaja mwenyewe, umejitanda kanga mpya. Mwalimu, Mnyamwezi wa watu, akakuamkia, ukamwitikia vizuri, kisha ukamwuliza siku aliposhuka kwenye lori alifikaje shuleni. Akasema alielekezwa na mama mmoja aliyekuwa akianika mpunga.

"Mama huyo ni mimi. Kumbe siku ile, mwanangu, ulikuwa unaigundua Bagamoyo."

Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka, akanirudisha kwenye benchi. Ila alininong'oneza kwamba wanaosahihisha mtihani hawamjui bibi yangu.

Hapa ndipo panaponikaba, Bibi. Swali lilikuja. Nani aligundua njia ya Hindi? Nilikuona wewe na mchi wako, wallahi nilikuona, nikaandika jina la Mreno. Basi. Rubani sikumtaja. Nikaja nyumbani nikakwambia nimeandika maneno yako yote. Ukanipikia vitumbua kama siku ya Idi, ukatangaza kisimani kwamba mumeo kawasomesha Wazungu. Nilivila vyote.

Na mtihani wenyewe nikaanguka. Hesabu. Nilikukana bure.

Nilitaka kukwambia. Ulipolala kitandani wiki ile nikasema moyoni, nitamwambia kesho, akipata nafuu.

Sasa mdogo wangu Mwajuma yuko darasa lilelile, kwa mwalimu yuleyule. Jana karudi anaimba, aligundua, aligundua. Nikamkalisha karibu na kinu nikamweleza yote, hata la mtihani. Alinitazama kama unavyonitazama wewe, akaniuliza, "Rubani aliitwa nani?"

Sikujua. Labda uliniambia, mimi niko kwenye vitumbua. Nimewauliza wazee wawili hapa mjini na mmoja Mlingotini, kila mtu ana jina lake.

Mwajuma anasema kesho atauliza darasani. Namjua, mdomo kaurithi kwako. Ataambiwa alete mkubwa wake, na mkubwa ni mimi. Nitavaa kanzu ya babu, inanipwaya lakini nitapendeza tu. Mwalimu nitamwamkia kwa adabu. Kisha nitawaambia watoto wote wasikie, la rubani sijui, bado naulizia, lakini aliyemwonyesha mwalimu wenu njia ya shule hii aliitwa Mwanahawa.

Lala salama, mke wangu. Safari hii sikudanganyi.

Mumeo wa uani,
Athumani